Kaiti Ipi Yavuta Zaidi? Tupime, Tusibishane

Ukimwambia Mnairobi kwamba jioni hii uko Kongo, atakuuliza umeshuka stegi gani, kwani Kongo anayoijua yeye ni ile ya Kawangware. Sisi wa Pwani Kusini tuna Kongo yetu: pale Mto Mwachema unapoingia baharini baina ya Tiwi na Diani, penye mibuyu na ule msikiti wa kale wa mawe ya matumbawe. Kutoka hapo kushuka hadi Galu, upepo ukivuma vizuri, utaziona kaiti za rangi zote zikiwavuta watu juu ya maji. Ni tiara zile zile tulizorusha utotoni, ila hizi ni kubwa mno, na badala ya mtoto kuishika tiara, tiara ndiyo humshika mtu.

Ndugu msomaji, zamani mchezo huu ulikuwa wa wageni. Leo vijana wetu wengi wanaufundisha, wanazitengeneza kaiti zilizopasuka, na wananunua na kuuza zilizotumika. Ni riziki. Na penye riziki pana ubishi. Kaa nao mchangani jioni moja utasikia: "Hii ya mita tisa yavuta kuliko ile yako ya kumi na mbili." "Wapi! Hiyo yazunguka upesi tu, haina nguvu." Kila mmoja ana kampuni yake anayoiapia, na hakuna anayeshinda wala kushindwa. Kesho yake ubishi huanza palepale ulipoachwa.

Ungekuwa ubishi wa mpira ningenyamaza. Lakini kaiti mpya hupita laki moja ya Kenya kwa urahisi, na hata iliyotumika hula akiba ya msimu mzima. Kijana akinunua kwa sifa za maneno, akapata chombo kisichofaa upepo wetu au uzito wake, hasara ni yake. Tena kuna jambo zito zaidi ya pesa: kaiti iliyosifiwa kuwa "pole" kumbe si pole yaweza kumvunja mwanafunzi mguu. Basi makala haya ni ya kueleza namna ya kulinganisha kaiti mbili kwa vipimo badala ya kwa midomo. Vifaa vingi vinavyohitajika tunavyo tayari.

Kwanza tuijue kaiti yenyewe

Kaiti inayotumika sana ufukweni ina mrija mnene mbele, unaojazwa upepo kwa pampu, na mirija midogo inayokatiza kitambaa. Mrija huo huipa kaiti umbo, na ikianguka majini haizami, hivyo yaweza kurushwa tena. Wazo hilo ni la ndugu wawili Wafaransa, Bruno na Dominique Legaignoux, walioomba hataza yake mwaka 1984. Kutoka kwenye kaiti hushuka kamba nne, kwa kawaida za mita 20 hadi 25. Mbili za mbele hubeba sehemu kubwa ya mzigo na kufungwa kwenye mkanda wa kiunoni. Mbili za nyuma hufungwa kwenye ncha za fimbo anayoishika mchezaji. Ukiivuta fimbo, kaiti huongeza nguvu. Ukiiachia isogee mbali nawe, nguvu hupungua.

Hapa ndipo kosa la kwanza la kulinganisha linapozaliwa. Namba iliyoandikwa kwenye kaiti, tuseme 12, kwa kawaida ni mita za mraba za kitambaa kikiwa kimetandazwa. Lakini kaiti hairuki ikiwa imetandazwa. Huruka ikiwa imejikunja kama upinde, na upepo hukutana na eneo lililo dogo kuliko hilo. Fikiria kivuli chake wakati jua liko utosini: ukubwa wa kivuli ndio unaokaribia ukubwa wa kazi. Kaiti mbili za mita 12, moja ikiwa imejikunja sana na nyingine kidogo, hazina kivuli kimoja. Sisi tunaokaa karibu na ikweta tuna bahati, kwani huku Diani jua hupita utosini kabisa mapema Machi na mapema Oktoba. Siku isiyo na upepo wakati huo, zijaze kaiti mbili, zisimamishe mchangani kwa ncha zake, upime vivuli saa sita mchana na dakika chache. Si kipimo kamili, kwa kuwa kamba angani huivuta kaiti ikabadilika umbo kidogo, lakini kitakuonyesha kwamba mita 12 na mita 12 si lazima ziwe sawa.

Kwa nini macho na mikono hudanganya

Nguvu ya upepo haiongezeki sawa na kasi yake. Huongezeka kwa kasi mara kasi. Upepo hupimwa kwa noti, si ile ya benki bali maili ya baharini kwa saa; noti 1 ni kama kilomita 1.85 kwa saa. Upepo ukipanda kutoka noti 15 hadi 20, mtu husema umeongezeka kidogo. Fanya hesabu: 15 mara 15 ni 225, na 20 mara 20 ni 400. Mvuto umekaribia kuongezeka mara 1.8. Basi aliyeijaribu kaiti ya kwanza saa tisa alasiri na ya pili saa kumi, upepo ukiwa umepanda, amelinganisha pepo mbili akidhani amelinganisha kaiti mbili.

La pili ni mkondo. Wavuvi wetu wanalijua hili kabla ya kuzaliwa shule yoyote ya kaiti. Wakati wa bamvua, maji ya pwani yetu hupanda na kushuka zaidi ya mita 3, na hayo maji lazima yapite mahali. Tuseme upepo ni noti 15 na mkondo ni wa noti 1 tu. Mkondo ukikusukuma kuelekea unakotoka upepo, utahisi noti 16. Ukikusukuma kule upepo unakokwenda, utahisi noti 14. Kumi na sita mara kumi na sita ni 256. Kumi na nne mara kumi na nne ni 196. Tofauti ni kama asilimia 30, kwa kaiti ile ile na mtu yule yule, kwa sababu maji yaligeuka. Ni ubishi mwingi kiasi gani umepiganwa mchangani kwa ajili ya kujaa na kupwa?

La tatu ni mtu mwenyewe. Kilo 60 na kilo 90 haziombi kaiti moja. Aliyechoka si kama aliyepumzika, na ubao mkubwa huelea mapema kuliko mdogo. Na la nne ni moyo: anayeipenda kampuni fulani ataisamehe kaiti yake makosa ambayo hangeisamehe nyingine. Hatusemi uongo kwa makusudi, ila mikono hukumbuka inachotaka kukumbuka.

Wenzetu wamepimaje?

Watu hudhani rekodi za kasi ndizo kipimo. Mwaka 2008, huko Lüderitz nchini Namibia, Mfaransa Sébastien Cattelan alikuwa mtu wa kwanza kuvuka noti 50 kwa nguvu ya upepo katika masafa ya mita 500. Mwaka 2017 Mfaransa mwenziwe, Alex Caizergues, alifikisha noti 57.97. Namba hizo ni za kweli na zilipimwa kwa masharti makali. Lakini zapima nini? Zapima mtu, ubao, kaiti, maji na upepo wa siku hiyo vyote kwa pamoja. Ukinunua kaiti ya bingwa hununui miguu yake.

Hali kadhalika Olimpiki. Mchezo huu uliingia kwa mara ya kwanza mwaka 2024, mashindano yakifanyika Marseille. Ellie Aldridge wa Uingereza alishinda kwa wanawake na Valentin Bontus wa Austria kwa wanaume. Huko vifaa huwa ni vile vilivyosajiliwa tu, ili kinachoshindaniwa kiwe mtu zaidi kuliko chombo. Ni haki kwa mashindano, lakini kwa anayetaka kujua tofauti ya kaiti na kaiti, hilo halimsaidii.

Njia iliyokaribia jibu ni ya watafiti wa vyuo vikuu vya ufundi vya Berlin na Delft, waliochapisha kazi yao mwaka 2019. Badala ya kungojea upepo, waliifunga kaiti kwenye gari wakaivuta, hivyo upepo ukatengenezwa na mwendo wa gari. Mashine ndiyo iliyovuta kamba za kuongozea, si mkono wa mtu, na kila mara ilirudia miondoko ile ile. Vipimo vilisoma mvuto wa kila kamba pamoja na pembe ya kamba. Wakaweza kusema: kaiti hii, kamba za nyuma zikivutwa kiasi hiki, hutoa nguvu hii ya kuinua na ukinzani huu.

Sisi hatuna gari hilo, na simwambii mtu aivute kaiti kwa tuktuk barabara ya Diani. Lakini siri ya kazi ile haiko kwenye gari. Iko katika mambo matatu: badilisha kitu kimoja tu kwa wakati, rudia mara nyingi, na andika namba kabla hujatoa maoni. Hayo matatu hayauzwi dukani.

Kabla ya kupima, sawazisha

Kaiti nyingi zinazouzwa kwetu zimetumika. Hapo kuna mtego ambao umewala wengi. Kamba za mbele hubeba mzigo mkubwa, basi baada ya misimu hurefuka kuliko za nyuma. Za nyuma zikawa kama zimefupishwa, na kaiti huwa imevutwa muda wote hata ukiiachia fimbo. Hurudi nyuma, hulegea, haibishi. Mwenyewe husema "kaiti imekufa" na kuiuza kwa bei ya kutupa. Kumbe kilichokufa ni urefu wa kamba.

Kwa hivyo, zifunge ncha za kamba zote nne kwenye msumari mmoja au kigingi kimoja, tembea hadi kwenye fimbo, vuta kwa nguvu sawa, uangalie kama zinalingana kwa namna mtengenezaji alivyotaka. Zikipishana, rekebisha kwanza. Jaza mrija kwa kipimo kilichoandikwa kwenye kaiti yenyewe, iache saa moja kivulini, upime tena uone imepoteza kiasi gani. Tumia fimbo moja na kamba za urefu mmoja kwa kaiti zote mbili kama zinakubali, kwa maana kamba fupi hufanya kaiti ionekane nyepesi kugeuka. Kaiti isiyosawazishwa haifai kulinganishwa na yoyote.

Vipimo vitano vinavyowezekana ufukweni

Cha kwanza ni upana wa upepo wake. Tafuta upepo mdogo kabisa ambao mtu yule yule, kwa ubao ule ule, aweza kuondoka na kurudi palepale alipoanzia bila kutembea. Kisha tafuta upepo mkubwa ambao bado aimudu fimbo ikiwa imeachiwa. Andika namba mbili. Kaiti yenye pengo kubwa baina ya hizo namba humfaa mtu mwenye uwezo wa kununua moja tu, na huyo ndiye kijana wetu. Kipima upepo kidogo cha mkononi kinatosha, lakini kiweke kwenye mti wa urefu wa mita mbili au tatu, mahali pa wazi, si nyuma ya minazi. Na kisihamishwe hadi kazi iishe.

Cha pili ni kubisha. Mabaharia wetu wanajua: chombo hakiwezi kwenda moja kwa moja kule upepo unakotoka, sharti kikate huku na huku. Weka simu yenye GPS ndani ya mfuko usiopitisha maji, nenda upande mmoja, geuka, nenda upande wa pili. Ramani itakuonyesha mistari miwili, na pembe iliyo baina yake ukiigawa kwa mbili utapata umbali wako na upepo. Tuseme kaiti moja yaenda noti 12 kwa nyuzi 60 kutoka kwenye upepo. Nyingine yaenda noti 15 kwa nyuzi 65. Wengi watasema ya kwanza ndiyo inayobisha zaidi kwa kuwa yaelekea karibu na upepo. Hesabu husema vingine: ya kwanza hupanda upepo kwa noti 6.0 na ya pili kwa noti 6.3. Pembe peke yake haitoshi, kasi peke yake haitoshi; angalia mita ulizopanda kwa dakika kumi.

Cha tatu ni pembe ya kamba. Kaiti ikitulia utosini haikai wima kabisa juu ya kichwa. Hukaa ikiwa imesukumwa kidogo na upepo. Kadiri inavyokaribia wima ndivyo nguvu yake ya kuinua inavyouzidi ukinzani wake. Kamba zikisimama kwa nyuzi 76 kutoka usawa wa bahari, nguvu ya kuinua ni kama mara 4 ya ukinzani. Zikisimama kwa nyuzi 80, ni kama mara 5.7. Nyuzi nne tu, na tofauti kubwa kiasi hicho. Mwenzako asimame mbali ubavuni apige picha, upeo wa bahari ndio uwe mstari wa usawa, kisha upime pembe kwenye picha. Piga picha kumi, kwa maana kaiti haitulii kama nguzo. Fanya hivyo katika upepo wa wastani, mbali na watu na miti, na aliyeishika awe mzoefu, kwani kaiti iliyo utosini yaweza kumnyanyua mtu upepo ukija kwa ghafla.

Cha nne ni kugeuka. Irekodi kaiti kwa simu katika mwendo wa polepole ikizunguka duara moja kamili, kisha hesabu picha. Video ya picha 120 kwa sekunde, ikichukua picha 240, maana yake ni sekunde 2. Fimbo ivutwe hadi mwisho kila mara, la sivyo utakuwa umeupima mkono.

Cha tano ni kuruka. Siku hizi kuna vipimo vidogo vinavyobandikwa kwenye ubao, mfano WOO, vinavyosoma urefu wa mruko na muda wa hewani. Vijana hushindana kwa urefu, lakini urefu ni ufundi wa mtu kwanza. Linganisha muda na urefu. Kitu kilichorushwa mita 5 juu bila msaada wowote hukaa hewani kama sekunde 2 kwenda na kurudi. Kama wewe kwa mita 5 hizo hizo ulikaa sekunde 4, zile mbili za ziada ndizo kaiti iliyokubeba. Chukua miruko ishirini kwa kila kaiti, zipange namba kutoka ndogo hadi kubwa, utumie ya katikati. Usitumie ule mruko mmoja uliokufurahisha.

Kuhusu mvuto wenyewe, msomaji atauliza: si tufunge mizani ya samaki tusome kilo? Nasema hapana. Kaiti iliyofungwa kwenye mnazi au gari, isiyo na mtu wa kuiachia, ni hatari kwa kila aliye upande wa chini wa upepo. Na mizani ikiingizwa baina ya mkanda na kaiti yaweza kuzuia kifaa cha kujiokoa kisifunguke. Waachie kazi hiyo wenye gari la Berlin.

Badilishaneni: hapa ndipo penye jibu

Sasa tuje kwenye kiini. Namba zote hizo hazifai kama upepo ulibadilika katikati. Njia ya kuushinda upepo ni kutoka pamoja. Watu wawili, kaiti mbili, maji yale yale, dakika kumi zile zile. Kisha wabadilishane kaiti, watoke tena.

Nitoe mfano wa hesabu, namba nimezitunga ili ieleweke. Duru ya kwanza, mchezaji wa kwanza ana kaiti nyekundu, wa pili ana ya buluu. Wa kwanza anapanda upepo mita 300, wa pili mita 260. Pengo ni 40. Mchangani watu washasema: nyekundu ndiyo! Duru ya pili wanabadilishana. Wa kwanza, sasa akiwa na buluu, anapata 290. Wa pili, akiwa na nyekundu, anapata 270. Pengo ni 20, na bado wa kwanza ndiye aliye mbele.

Toa 20 katika 40, gawa kwa mbili: 10. Hizo mita 10 ndizo tofauti ya kaiti. Jumlisha 40 na 20, gawa kwa mbili: 30. Hizo mita 30 ndizo tofauti ya watu. Kumbe nyekundu ni bora, lakini kwa kidogo, na ufundi wa mchezaji ni mara tatu ya tofauti hiyo. Pengo la 40 lililopigiwa kelele lilikuwa la mtu kuliko la kaiti. Tena, hata kama duru ya pili upepo ulipungua kidogo, ulipungua kwa wote wawili.

Rudieni siku tatu angalau, zenye maji tofauti. Siku moja nyekundu ikishinda kwa 10, ya pili ikashindwa kwa 5, ya tatu ikashinda kwa 2, jibu la kweli ni kwamba hazina tofauti inayostahili pesa. Hilo nalo ni jibu, na huenda ndilo lenye faida kuliko yote, kwa sababu litakufanya ununue ile ya bei nafuu. Na mpime kusi kando na kaskazi kando. Kusi ya Juni hadi Septemba si sawa na kaskazi ya Desemba hadi Machi, na kaiti iliyowafaa msimu mmoja yaweza kulala kabatini msimu wa pili.

Kila mchezaji aandike maoni yake kabla hajasikia ya mwenziwe. Mkubwa akishasema "hii ni nzuri", wadogo huona haya kumpinga. Heshima ni njema, lakini isiingie kwenye daftari la vipimo.

Kipimo kisichojadiliwa

Yako mambo ambayo hayana mizani, kama raha ya mkono, na kila mtu ana haki ya kupenda anachopenda. Lakini liko moja lisilo na mapenzi: kifaa cha kujiokoa. Huyu mchezaji akikivuta, kaiti yafa au haifi? Shirika la viwango la kimataifa, ISO, lilitoa kiwango cha jambo hili mwaka 2020, namba 21853, kinachoeleza namna ya kukijaribu kifaa hicho, ikiwemo nguvu ambayo mkono unahitaji ili kukifungua kikiwa kimebeba mzigo. Uliza kama kifaa unachonunua kimepita kiwango hicho. Kisha kioshe mchanga na chumvi, ukifungue kwa mkono wako mara kumi kabla hujaingia majini. Mara tisa katika kumi si ushindi hapo. Kaiti iliyoshinda vipimo vyote vitano na kifaa chake kikakwama mara moja, irudishe kwa mwenyewe.

Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Msemo ni wa kweli pale tu mnunuzi anapojua kukitambua kizuri. Mababu zetu hawakuwa na GPS, lakini walijua kwamba ukitaka kujua ngalawa ipi ni nyepesi, uzitoe zote mbili kwa upepo mmoja, si kuzisifia zikiwa zimelala mchangani.

Ombi langu kwa vijana wa Kongo, Diani na Galu, na ndugu zao wa Watamu na Paje, ni daftari moja kwa kila kikundi. Tarehe, saa, maji kujaa au kupwa, upepo, uzito wa mtu, kaiti, mita alizopanda. Msimu mmoja tu wa kuandika hivyo, na mtakuwa na maarifa ya upepo wa kwetu ambayo hakuna kampuni inayoyauza. Kijana mgeni akija na akiba yake mkononi, mtamfungulia ukurasa badala ya kumpa maneno. Kubisha baharini kuna mwisho wake, chombo hufika. Kubishana mchangani hakuna.